Dume wa Kipimo

Kitabu cha madume kilishaanza kuachia gundi, kwa jinsi mgonjwa alivyokilalia, akala chakula juu yake na kukifungua tena palepale. Kilikuwa kitabu chembamba cha karatasi zinazong'aa, kila ukurasa na dume wake amesimama ubavu, kaoshwa mpaka anametameta kuliko bwana harusi. Chini ya kila dume walipangwa mabinti zake, wamepigwa picha kwa nyuma ili viwele vionekane vizuri. Mke wa mgonjwa hakuzipenda picha hizo hata kidogo. Alisema ni aibu, watu wazima kukaa kitandani wakitazama matako ya ng'ombe.

"Hapo ndipo maziwa yalipo, mke wangu," mumewe alimjibu. "Uso wa ng'ombe ukiukamua utapata nini?"

Watu walimwita Kipimo. Ujana wake wote na utu uzima wake alikuwa mpima maziwa kituoni, pale wafugaji wanapopanga foleni asubuhi na ndoo zao. Anazamisha kile kipimo cha kioo, anainama kukitazama kinavyoelea, na kama umetia maji, hata kikombe kimoja, anakurudishia ndoo yako mbele za watu bila kupandisha sauti. Walimwapia kwa mama zao, wakamwapia kwa watoto wao wachanga. Yeye husema tu, "Maji yenyewe masafi, nenda kayanywe." Kuna waliomchukia mpaka leo, lakini hata hao hawakuwahi kusema kwamba alimwonea mtu.

Sasa alikuwa amebaki mifupa na sauti. Kitanda chake kilikuwa kimegeuzwa kutazama dirisha, kwa amri yake mwenyewe, maana dirisha hilo linatazamana na banda la ng'ombe, na yeye hakukubali ng'ombe wake akamuliwe bila jicho lake. Ng'ombe wake mkubwa wa mwisho alipokuwa bado yupo, mkewe akimaliza tu kukamua, sauti ilitoka dirishani: "Ngapi?" Naye hutaja lita. Ng'ombe alipozidi kuzeeka na maziwa kupungua, mke alianza kumwongezea lita kidogokidogo, leo nusu, kesho moja, ili alale na furaha. Ndiyo, Kipimo yuleyule wa kituoni, akitiliwa maji nyumbani kwake na mkewe wa ndoa. Mwanamke alijicheka kwa hilo, halafu akajikuta hacheki tena.

Ng'ombe yule naye aliuzwa kwa ajili ya hospitali, kama walivyouzwa wenzake kabla yake. Akabaki binti yake mmoja, mtamba wa kahawia ambaye hajawahi kuzaa, waliyemwita Kijiko. Alizaliwa mwaka wa ukame, mama yake hana maziwa wala majani, akadumaa. Umri wa kupandishwa ulikuwa umefika, hata umempita, lakini ukimtazama kwa nyuma ungedhani ni ndama aliyevishwa ngozi ya dada yake.

"Huyu ndiye," Kipimo alisema asubuhi moja, akigonga ukurasa kwa kidole. "Nimemaliza. Kazi imekwisha."

Mkewe alisogea. Lilikuwa Friziani moja jeusi lenye mabaka meupe, kifua kama kabati, shingo haijulikani inapoanzia. Kipimo alikwisha kulibatiza jina la Mheshimiwa. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na dume mwingine, Jezi mdogo wa kahawia mwenye macho ya huruma, ambaye alimwita Karani na kumpita bila hata kumsalimu.

"Si mkubwa mno kwa Kijiko?" mkewe aliuliza.

"Kijiko atakua. Mpe pumba, mpe mashudu, mpe chumvi. Sikiliza nikwambie. Kijiko mwenyewe hatatupa maziwa ya maana, huyo ni njia tu. Maziwa yako kwa binti atakayezaliwa. Azaliwe, akue, apandishwe, azae. Hapo ndipo utakapoita majirani." Akavuta pumzi, maana maneno mengi yalimchosha. "Na ndama atatoka mweusi, utaona. Mheshimiwa weusi wake hauna mchezo, unafuta kila rangi unayoikuta. Hata umpe ng'ombe mwekundu kama tofali."

Mwanamke alipiga hesabu yake kimyakimya. Ndama azaliwe, akue, apandishwe, azae. Ni miaka mitatu na zaidi. Alijifanya anatafuta kitambaa cha kufutia dirisha, akatoka nje.

Hiyo miaka mitatu ndiyo iliyomvunja moyo. Daktari alikuwa amewaita pembeni, yeye na binti yake, kwenye ukumbi wa hospitali uliokuwa ukipigwa deki, wakasimama wote watatu kwenye kipande kikavu. Uvimbe ulikuwa umesambaa. Hakuna cha kukata tena. Kama ni miezi, alisema, basi iwe michache, na mumpe anachokipenda. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekausha machozi kwanza. "Mama, baba asijue," alisema. "Unamjua. Akijua, atageukia ukutani na kufa wiki ileile." Wakakubaliana iwe vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo vinaumiza, vinakondesha, vinachukua muda mrefu, na watu wanapona. Ulikuwa uongo uliofunika pembe zote.

Tangu hapo hakuna jambo ambalo Kipimo aliachiwa aliamue. Mkewe aliamua ale nini, binti aliamua anywe dawa gani na saa ngapi, majirani waliamua waje lini na wasikae muda gani. Hata ndevu alinyolewa na mtu mwingine. Alibakiwa na dume tu. Ndiyo maana mkewe hakuthubutu kubishana naye zaidi ya lile swali moja.

Siku Kijiko alipopata joto alilia tangu alfajiri, akazungukazunguka bandani, ute unaovutika unaning'inia nyuma. Kipimo ndiye aliyemwona wa kwanza kupitia dirishani. "Mpigieni Bwana Mbegu!" aliita, na sauti yake siku hiyo ilikuwa na nguvu za zamani.

Bwana Mbegu alikuwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu za dume, bwana mnene mcheshi aliyezunguka na pikipiki yake na mtungi wa baridi nyuma. Wanaume walimtania kwamba ana watoto wengi kuliko mtu yeyote na hajawahi kulea hata mmoja. Mwanamke alimwahi getini kabla hajaizima pikipiki.

"Shikamoo, mama. Mzee ameshachagua?"

"Marahaba. Amechagua lile jeusi kubwa, analiita Mheshimiwa."

Bwana Mbegu alichungulia bandani, na ucheshi wake ukamtoka. "Kwa huyu? Mama, mimi lile dume sitalitia kwa huyu. Ndama wake ni mizigo. Asubuhi hii nimelitia kwa jirani yako hapo chini, lakini yule ni ng'ombe wa uzao wa nne, nyonga pana kama mlango wa ghala. Huyu nyonga zake hazimpitishi. Tutamvuta ndama kwa kamba mpaka tumpasue mama yake. Utawapoteza wote wawili."

"Kamwambie mzee."

"Nikamwambie?"

Mwanamke alitazama dirisha. Aliona kichwa cha mumewe kimeinuliwa kwenye mito, kinangoja. Kijiko ndiye aliyekuwa amebaki. Kijiko akifa, banda ni tupu, na siku mume naye atakapoondoka, yeye atabaki na nyumba na ndoo zilizokauka. Lakini kwenda kumwambia mtu yule kwamba hata hili amekosea, hata hili ataamuliwa na mtu mwingine, alishindwa. Moyo ulikataa kabisa.

"Mtie yule mdogo," alisema. "Wa ukurasa wa mwisho. Mwambie umetia lile kubwa."

Bwana Mbegu alikuna kidevu. "Mama, mimi uongo mdogo mdogo siukatai. Lakini ndama atakuja na rangi yake. Yule mzee atamwona wa kahawia, na ng'ombe anawajua kuliko mimi."

"Hatafika huko," mwanamke alisema.

Lilimtoka hivyo hivyo, kavu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Bwana Mbegu alitazama chini. Alivaa glovu yake ndefu inayofika begani, akafungua mtungi, moshi wa baridi ukamwagika ukingoni.

"Ni yeye?" Kipimo aliita kutoka dirishani.

"Ndiye, mzee! Mheshimiwa mwenyewe kaja!" Bwana Mbegu aliitikia, na akachovya mrija wa Karani kwenye maji ya uvuguvugu.

Kazi ilipokwisha, Kipimo alisema aletewe ule mrija mtupu. Bila shaka angeuomba. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo kupima maziwa ya watu hanunui maneno. Bwana Mbegu alijipapasa mifukoni, taratibu, akatoa mrija mtupu aliotumia asubuhi kwa jirani, akaupitisha dirishani kwa heshima zote. Kipimo alivaa miwani. Akasoma jina la Mheshimiwa, lile la kitabuni, lililochapwa ubavuni kwa herufi ndogo kama sisimizi, akalisoma mara ya pili, akautia mrija mfuko wa shati la kulalia, upande wa moyo. Kila aliponawishwa na kubadilishwa shati, mrija ulihama naye.

Na Kipimo hakufa.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, kama inafaa kusema hivyo kuhusu mtu kuishi. Daktari alisema miezi michache, michache ikapita. Alikonda mpaka pete ikamvuka kidoleni, alitapika, usiku aliuma shuka ili mkewe asisikie, lakini asubuhi macho yake yalikuwa dirishani. Alihesabu mimba ya Kijiko kwa vidole. Alitaka aitiwe fundi seremala apanue banda, maana ndama wa Mheshimiwa hawezi kulala pale penye upana wa kaburi. Fundi akaja, mbao zikanunuliwa, banda likapanuliwa kwa ajili ya ndama ambaye hayupo. Mwanamke alimshikia fundi misumari. Kila nyundo ilipogonga, alitamani amwage kila kitu palepale, dume, hospitali, lita za uongo, ajisafishe. Halafu alitazama dirishani akaona mtu anatabasamu, akampa fundi msumari mwingine.

Binti alipokuja wikendi alimkumbatia mama yake jikoni. "Unaona? Kama tungemwambia, angekuwa amekwisha kwenda. Yule ng'ombe ndiye anayemshikilia."

"Ndiyo," mama alisema. Hakumweleza mwanawe kuhusu rangi. Kuna nyakati alijikuta akiomba, wala hakujua hasa anaomba kipi kitangulie, ndama au kifo. Akishtuka na kujua anachokiomba, alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kijiko alizaa mchana kweupe, siku ya Jumamosi, binti akiwepo. Hakusumbua. Alilala chini, akajinyoosha, akasukuma, miguu miwili ya mbele ikatoka na pua katikati yake, na kabla Bwana Mbegu hajafika ndama alikuwa tayari kwenye majani, anapiga chafya. Jike. Mdogo, mzima, miguu yake myembamba kama mpini wa mwiko. Kahawia kama chai ya maziwa, tangu masikio hadi mkiani.

"Mashallah, jike!" binti aliita. "Baba! Ni jike!"

"Mleteni nimwone!" Kipimo alijibu. Alikuwa akijikokota kukaa.

Mama alimshika mwanawe mkono. Akamweleza, haraka, kwa kunong'ona, mambo yote ya Bwana Mbegu. Binti alifumba macho, akayafumbua. "Tutasema amefuata rangi ya mama yake," alisema. "Watoto si wanafuata mama zao?"

Walimbeba ndama wakamsimamisha chini ya dirisha, bado amelowa. Kipimo alinyoosha mkono wake uliokuwa mishipa mitupu, akaupitisha mgongoni mwa ndama, taratibu, kuanzia shingoni. Akamfungua mdomo kidogo, akamtazama kwato. Hakuwa na haraka. Ndivyo alivyokuwa akiinama kituoni, kungoja kile kipimo kitulie.

"Amefuata mama yake, baba," mkewe alisema.

Kipimo alitia mkono mfukoni, akatoa ule mrija, akautazama, akamtazama ndama. Halafu akacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Karani," alisema.

Kijiko alikuwa analia bandani akimtaka mwanawe.

"Kijiko asingeweza kumzaa wa Mheshimiwa," Kipimo aliendelea. "Nilijua. Nilikuwa najua siku ileile, nikakaza shingo. Nilitaka tu kitu kikubwa. Umefanya vizuri, mke wangu. Umemwokoa ng'ombe."

Mwanamke alidhani yamekwisha. Alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi, na radhi ilikuwa nyepesi, karibu iwe furaha, mumewe alipouliza kwa sauti ileile ya chini:

"Na vidonda vya tumbo?"

Binti aligeuka, akaenda nyuma ya banda. Walimsikia akilia huko.

"Si vidonda," mwanamke alisema.

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu kabla Kijiko hajapandishwa."

"Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa na kile kitabu, nakwambia ndama azaliwe, akue, apandishwe, azae..."

"Ndiyo."

"Nawe unanisikiliza."

"Nakusikiliza, ndiyo. Nisamehe, baba. Tuliogopa kukukatisha tamaa."

Kipimo aliutikisa ule mrija vidoleni. Alionekana kama mtu anayejumlisha, na hesabu inamkubalia vizuri kuliko anavyotaka. Mkewe aliuona uso huo, akaujua.

"Rangi nilikwambia mimi mwenyewe," alisema. "Hapa hapa. Kwamba wa Mheshimiwa lazima atoke mweusi. Na Bwana Mbegu naye analijua hilo, lazima alikukumbusha. Ulijua kwamba ndama akitoka tu, nitajua." Akanyamaza apumue. "Ulikuwa umepanga uniambie nini siku hiyo?"

Angeweza kusema kwamba alisahau. Angeweza kusema kwamba angelia na kuungama. Alitafuta neno lolote lililo kweli, akalikuta moja tu, lile alilomwambia Bwana Mbegu getini, kwamba hatafika huko, na hilo hakuwa na mdomo wa kulitamka. Ndama alianza kutetemeka kwa upepo. Mwanamke alimshika, asianguke, akakaa kimya, na kimya kikajibu.

"Aa," Kipimo alisema. "Hukupanga."

Akamrudishia mrija kupitia dirishani. Mkono wake haukuwa na hasira, ndilo lililomuumiza mwanamke zaidi. Ulikuwa ni ule mkono wa kituoni, unaokurudishia ndoo yako.

Jioni, aliomba kitanda kigeuzwe. Mkewe alijifanya hakusikia. Akaomba tena, kwa adabu, kama anavyoomba mgeni. Binti akashika upande wa kichwani, mama upande wa miguuni, wakakizungusha mpaka kikatazama ukuta, penye msumari uliokuwa ukining'inizwa kalenda zamani. Mwanamke alimwomba msamaha usiku huo, na kesho yake, na kila alipomnywesha uji. Kila mara alimjibu, "Nimekusamehe, mke wangu," na alimaanisha, maana Kipimo hakuwa mtu wa kusema asichokimaanisha. Lakini hakugeuka.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, ilipokwisha na maziwa yakawa meupe, Kijiko aliwashangaza wote. Alitoa kuliko mama yake alivyowahi kutoa, maziwa mazito ya mafuta. Jioni hiyo ya kwanza mwanamke alimaliza kukamua, akasimama chini ya dirisha na ndoo mkononi, kama alivyosimama miaka yote. Akangoja aulizwe. Ndani alikiona kisogo cha mumewe, na blanketi likipanda na kushuka.

"Lita sita na nusu," alisema.

Ilikuwa sita na nusu kweli. Alikuwa ameipima mara mbili, asiongeze wala asipunguze. Aliirudia, kwa sauti zaidi, akidhani labda hakusikika. Blanketi liliendelea kupanda na kushuka. Mwanamke alisimama pale mpaka mkono ukamuuma, kisha akapeleka ndoo jikoni, kwa sababu maziwa yalihitaji kuchemshwa.